Sura ya Saba: Paipu Kabla ya Plasta

Karibu kila mtu anayejenga huuliza swali hili: Wi-Fi ipo, ya nini kupitisha nyaya ukutani? Siku hizi linaulizwa sana Lanet, mashariki ya Nakuru, ambako mashamba yamekatwa kuwa viwanja vya futi 50 kwa 100 na malori ya mawe yanashusha mzigo kila uchao, kuanzia Kiamunyeki hadi Murunyu. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na jiji hilo linapanuka kuelekea huku. Anayejenga anaweza kuwa mwalimu, mwanajeshi wa kambi ya hapo hapo Lanet, mfanyabiashara wa mjini, au Mkenya aliye ng'ambo anayefuatilia mjengo kwa picha za simu. Maji amepanga, stima amepanga, hata rangi ya vigae ameichagua. Intaneti ameiacha iwe kazi ya mtu wa kampuni atakayekuja baadaye na ngazi yake.

Jibu langu ni kwamba Wi-Fi yenyewe inahitaji waya, waya unahitaji paipu, na paipu ina wakati mmoja tu wa kuwekwa kwa gharama ndogo: baada ya paa na kabla ya plasta. Ukipita wakati huo, kila waya utakaoongeza utakuwa wa kutobolewa, kupigiliwa misumari na kufunikwa kwa mkanda wa plastiki juu ya rangi uliyoilipia.

Ukuta wa mawe na mawimbi

Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayotoka kwenye ruta, kile kisanduku kinachopokea intaneti kutoka nje na kuigawia simu, runinga na kompyuta za nyumbani. Masafa yanayotumika zaidi ni mawili. Ya gigahazi 2.4 hupenya kuta vizuri kiasi, lakini hubeba data kidogo na hugongana na Wi-Fi za majirani. Ya gigahazi 5 hubeba data nyingi, ila kila ukuta unayapunguzia nguvu.

Ushauri mwingi tunaousoma au kuutazama kuhusu intaneti ya nyumbani umetoka Marekani, ambako kuta nyingi za ndani ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa mbao za jasi. Wimbi hupita hapo bila taabu kubwa. Nyumba ya Lanet hujengwa kwa mawe ya kuchonga ya inchi sita au tisa, yakashikwa kwa saruji, yakapigwa plasta pande zote mbili, na juu yake ukapita mkanda wa zege wenye nondo. Ruta ikikaa sebuleni karibu na runinga, mtoto anayefanya kazi ya shule katika chumba cha mwisho ametenganishwa nayo na kuta tatu au nne. Nyumba ikiwa mpya, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu ukuta ambao haujakauka bado una maji ndani yake, na maji humeza mawimbi. Kwenye nyumba ya ghorofa kuna slabu pia, zege lililojaa chuma, kati ya ruta ya chini na vyumba vya juu.

Watu hujaribu kuponya tatizo hili kwa kununua kirudishi, kifaa kinachodaka Wi-Fi na kuitangaza upya. Aina ya bei rahisi hupokea na kutuma kwa zamu kupitia redio ile ile moja, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu. Tena kikiwekwa mahali ambapo mawimbi tayari yamechoka, kinachotangazwa upya ni uchovu huo huo. Dawa ya kweli ni kituo cha Wi-Fi: kifaa kidogo, mara nyingi cha duara, kinachofungwa kwenye dari na kuletewa intaneti kwa waya, kisha kikaitangaza pale pale kilipo. Kimoja cha korido ya vyumba vya kulala hufanya kazi ambayo virudishi vitatu haviwezi.

*Kwa ufupi: kwenye nyumba ya mawe, Wi-Fi nzuri ni ile iliyosafiri kwa waya hadi karibu na mtumiaji, ikamaliza mita chache za mwisho hewani.*

Waya utabadilika, paipu itabaki

Tazama yaliyopita katika nyumba zetu ndani ya miongo michache. Simu ya mezani ilikuja kwa waya wa shaba, kwanza chini ya Shirika la Posta na Simu, kisha chini ya Telkom Kenya baada ya shirika hilo kugawanywa mwaka 1999. Mara simu za mkononi zikaenea, na nyaya zile za ukutani zikawa hazina kazi. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na katika miaka iliyofuata fiba ikapanda bara hadi kwenye nguzo za mitaa ya Nakuru. Julai 2023 Starlink ikaanza kuuza intaneti ya setilaiti nchini. Kila mageuzi yalikuja na waya wa aina yake. Aliyekuwa amefukia waya wa simu moja kwa moja ndani ya plasta alibaki na shaba iliyokufa ukutani. Aliyekuwa ameupitisha kwenye paipu alikuwa na njia: vuta wa zamani, ingiza mpya.

Ndiyo maana nasisitiza paipu kuliko waya. Pesa zikiwa zimebana, na mjengo hubana kila mtu, laza paipu zote sasa na ununue nyaya mwakani. Kufanya kinyume chake, yaani kununua waya wa bei ghali kisha kuufukia bila paipu, ni kuifunga nyumba kwa teknolojia ya mwaka mmoja.

Paipu ninazozungumzia ni konduti, zile za plastiki ngumu ambazo fundi wa stima hupitishia nyaya zake. Zinapatikana katika duka lolote la hadiwea, na saizi zinazotufaa ndani ya nyumba ni za milimita 20 na milimita 25. Waya wa mtandao una unene wa milimita 6 hivi. Paipu ya 20 ibebe nyaya mbili, ya 25 ibebe nne, isizidi hapo. Paipu iliyoshindiliwa haitakubali waya mwingine kupita, na kusudi lake lote linakuwa limepotea.

Kona ndizo zinazowashinda mafundi wengi. Kipande cha kona kali, kile cha mraba, huzuia waya kuvutwa. Mwambie fundi akunje paipu yenyewe kwa springi ya kukunjia, ili kona iwe pana. Kati ya kisanduku kimoja na kingine kona zisizidi mbili. Na kabla hajaondoka, kila paipu iachwe na kamba ya nailoni ndani yake, imefungwa ncha zote mbili. Kamba hiyo ya bei ndogo ndiyo itakayovuta waya mwaka mmoja au miaka kumi baadaye.

Wakati wenyewe

Nyumba isiyo ya ghorofa hujengwa kwa mpangilio tunaoujua: msingi, kuta, mkanda wa zege, paa, kisha fundi wa stima anaingia kuchonga mifereji ukutani na kulaza paipu zake, halafu plasta. Paipu za intaneti ziingie pamoja na hizo za stima, kwa fundi yule yule, kwa nyundo na patasi zile zile. Kwa nyumba ya ghorofa kuna wakati mwingine unaotangulia: siku ya kumwaga slabu. Paipu zinazopanda juu hufungwa kwenye nondo kabla zege halijamwagwa, na zege likishamwagwa hakuna wa kulibembeleza.

Mazungumzo ya siku hiyo nimeyasikia mijengoni mara nyingi, na huenda hivi.

"Mama, hiyo waya ya intaneti nitaipitisha kwa paipu ya stima. Nafasi iko."

"Hapana, fundi. Hiyo nataka iwe na paipu yake."

"Sawa Mama, lakini itaongeza kazi."

Iongeze. Stima yetu ni volti 240. Ganda la waya wa stima likichubuka ndani ya paipu moja na waya wa mtandao, volti hizo zinaweza kuifikia kompyuta au mkono wa mtu. Hata bila hatari hiyo, stima hutoa usumbufu unaochafua mawasiliano kwenye waya uliolala sambamba nayo. Ziachanishwe kwa sentimita 20 zinapokwenda pamoja, na zinapolazimika kupishana zikatane kama msalaba. Fundi mzuri, mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia mambo ya nishati, atakuelewa mara moja. Anayekataa katakata unapaswa kumwuliza maswali mengine kuhusu kazi yake.

Kabati moja la kuanzia

Nyaya zote za nyumba zinaanzia mahali pamoja. Fikiria tangi la maji lenye paipu ya peke yake kwenda kwa kila bomba: ukifungua la jikoni, la bafuni halipungui. Mtandao wa nyumbani hupangwa hivyo hivyo. Kila soketi ya intaneti ina waya wake mwenyewe unaorudi kwenye kabati, haupitii chumba kingine, wala hauunganishwi katikati.

Ndani ya kabati hilo hukaa vitu vitano: kifaa cha fiba kilicholetwa na kampuni, ruta, swichi ya mtandao, paneli ambamo nyaya zote za ukutani huishia, na betri ya akiba. Swichi ya mtandao haihusiani na ile ya taa. Ni kisanduku chenye matundu mengi kinachoigawa intaneti kwa nyaya zote.

Mahali pa kabati pachaguliwe kwa makini. Stoo au korido ni pazuri. Jikoni pana mvuke na mafuta. Chumba cha kulala kinafaa tu kama vifaa havina feni, kwani mlio wake usiku unaudhi. Vumbi la Lanet wakati wa kiangazi hupenya kila kitu, kwa hiyo kabati liwe na mlango, na mlango uwe na matundu ya kupumulia. Weka soketi mbili za stima ndani yake tangu wakati wa ramani.

Betri ya akiba inastahili maelezo. Tarehe 25 Agosti 2023 gridi ya taifa ilianguka na karibu nchi nzima ikakaa gizani kwa saa nyingi. Waliokuwa wakifanya kazi kutoka nyumbani wanaikumbuka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba fiba ya nyumbani, katika mfumo unaotumika sana siku hizi, haihitaji stima kati ya kituo cha kampuni na nyumba yako. Kile kisanduku cha nguzoni kinachoigawa fiba kwa majirani hugawa mwanga tu, hakina umeme ndani. Kwa hiyo kampuni ikiwa na jenereta au betri kituoni kwake, na wewe ukiwa na betri kabatini kwako, intaneti huendelea hata mtaa mzima ukiwa giza. Ruta nyingi hutumia volti 12, na kuna betri ndogo za volti hizo zinazouzwa kwa kazi hii hasa.

Faida inaongezeka ukinunua swichi inayotuma umeme kupitia waya wa mtandao. Teknolojia hii ilipata kiwango chake cha kwanza cha kimataifa mwaka 2003, ikituma hadi wati 15.4 kwa kila waya, na kiwango cha 2018 kimefika wati 90. Kituo cha Wi-Fi cha kwenye dari na kamera ya nje mara nyingi huridhika na kile kiwango cha kwanza. Maana yake ni kwamba kamera haihitaji soketi ya stima juu ukutani. Data na umeme vinafika kwa waya mmoja. Stima ikipotea, betri ya kabatini, ikiwa kubwa ya kutosha, inaendelea kuiwasha kamera ya geti, saa ile ile unayoihitaji zaidi.

Nyaya ngapi, na ziende wapi?

Chukua mfano wa bangalo ya vyumba vitatu, yenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 12, kabati likiwa koridoni. Mpango wenye kiasi ungekuwa hivi, urefu ukihesabiwa pamoja na kupanda na kushuka ukutani:

- Sebule, nyuma ya runinga: nyaya 2, mita 12 kila mmoja
- Dari ya korido, kwa kituo cha Wi-Fi: waya 1, mita 8
- Chumba chenye meza ya kazi: nyaya 2, mita 14 kila mmoja
- Chumba kikuu: waya 1, mita 15
- Chumba cha watoto: waya 1, mita 12
- Pembe nne za nje, chini ya ukingo wa paa, kwa kamera: nyaya 4, mita 17 kila mmoja

Jumla ni nyaya 11 na mita 155. Waya huuzwa kwa boksi la mita 305, kwa hiyo boksi moja linatosha na karibu nusu inabaki kwa marekebisho. Swichi yenye matundu 16 inazipokea zote na kubakisha nafasi.

Naomba sana usisahau ule waya wa dari ya korido. Watu huweka soketi kila chumba, kisha hawaachi hata waya mmoja wa juu kwa Wi-Fi, na simu ndizo zinazotumiwa zaidi nyumbani. Vivyo hivyo kwa runinga: waya mmoja unatosha leo, lakini kijana akija na mashine ya michezo ya video utatamani ungeweka wa pili. Urefu wa soketi ya runinga uwe ule utakaofichwa na runinga yenyewe, karibu na soketi yake ya stima.

Ndani ya dari, nyaya ziendelee kubaki kwenye paipu. Mafundi hupenda kuziacha zimelala huru juu ya mbao za dari kwa sababu hazionekani. Panya wanaziona.

Waya gani ununue

Nyaya za mtandao hupangwa kwa madaraja yanayoitwa Cat, na nambari inavyopanda ndivyo uwezo unavyoongezeka. Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, na megabiti 1,000 ni gigabiti 1. Waya wa Cat5e hubeba gigabiti 1 hadi umbali wa mita 100. Cat6 hubeba hiyo hiyo kwa mita 100, na kwa umbali mfupi, hadi mita 55 hivi, hufikisha gigabiti 10. Cat6A hufikisha gigabiti 10 kwa mita 100 zote, ila ni mnene, mgumu kukunja, na ghali.

Sasa pima kiwanja chako. Futi 50 kwa 100 ni karibu mita 15 kwa 30. Kutoka pembe moja hadi pembe ya mbali kabisa ni mita 34 hivi. Hakuna waya ndani ya kiwanja hicho utakaokaribia mita 55 ukipangwa vizuri. Kwa hiyo Cat6, daraja lililowekewa kiwango mwaka 2002, linakupa ndani ya ua wako kasi ambayo hakuna kifurushi cha kawaida cha nyumbani kinachoikaribia leo. Cat6A iache kwa majengo ya ofisi. Atakayekuuzia daraja la juu zaidi ya hapo kwa nyumba ya vyumba vitatu anakuuzia nambari.

Hatari kubwa haiko kwenye daraja, iko kwenye madini. Waya halali ni wa shaba tupu. Madukani kuna waya mwingine wa alumini uliopakwa shaba kwa nje, nao huandikwa Cat6 kwa herufi kubwa vile vile. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, hukatika ukiikunja mara chache, na ukituma umeme wa kamera kupitia waya huo, hupata joto na kupoteza nguvu njiani. Viwango vya Cat havikubali waya wa namna hiyo.

Kuutambua si vigumu. Kwanza linyanyue boksi: la alumini ni jepesi kwa namna ambayo mkono unaihisi mara moja ukililinganisha na la shaba. Pili, soma maandishi ya pembeni. Wengine huandika CCA kwa herufi ndogo, na herufi hizo ndizo kifupi cha alumini iliyopakwa shaba. Tatu, omba kipande cha waya, menya ganda, ushike mmoja wa nyuzi nane zilizo ndani na uukwaruze kwa kisu. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukitoa rangi ya fedha, lirudishe boksi. Muuzaji mwaminifu hatakasirika kwa jaribio hilo.

Hizo nyuzi nane zimesokotwa mbili mbili, na msokoto huo ndio siri ya waya mzima. Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliupatia hataza mwaka 1881: nyuzi mbili zikisokotana, usumbufu unaoingia kutoka nje huzifikia zote mbili kwa usawa na kujifuta. Kwa hiyo fundi anapofunga soketi asiufumue msokoto kwa zaidi ya milimita 13, upana wa kucha ya kidole gumba. Na mpangilio wa rangi uwe mmoja nyumba nzima. Unaotumika sana, uitwao B, unaanza kushoto hivi: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia.

Kutoka nguzoni hadi ndani

Fiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Ule unaotoka nguzoni hadi kwako ni mwembamba, na ukikunjwa sana mwanga humwagika na kasi huanguka, au uzi hukatika. Mtu wa kampuni anapofika huwa na nyumba nyingine za kwenda siku hiyo. Asipokuta njia, atatoboa fremu ya dirisha la sebule, apitishe fiba, aweke silikoni, na kuacha kifaa chake kikining'inia pale pale kwenye kona, mbali kabisa na kabati lako. Masika yakianza mwezi wa Machi, maji ya mvua hutembea juu ya waya ule kama kwenye kamba na kuingia ndani kwa tundu lile.

Dawa ni paipu ya milimita 32 kutoka ukutani mwa nje, upande unaotazama nguzo, moja kwa moja hadi kabatini. Ilazwe kwa mteremko kidogo kuelekea nje ili maji yasiingie, na mdomo wake utazame chini. Weka ya pili kando yake, tupu. Kampuni zinazoshindania mitaa ya Nakuru ni zaidi ya moja, na siku utakapotaka kuhama, anayekuja atatumia paipu ya pili bila kumng'oa wa kwanza. Paipu ya tatu ya saizi hiyo ipande hadi juu ya paa, kwa ajili ya sahani ya setilaiti. Saizi ya 32 ina sababu: nyaya za fiba na za setilaiti mara nyingi huja zimefungwa vichwa tayari kiwandani, na kichwa kirefu kigumu hakipiti kwenye kona ya paipu ya 20.

SQ, geti na radi

Viwanja vingi vya Lanet vina nyumba kuu, SQ, yaani nyumba ndogo ya nyuma ya kupangisha au ya mfanyakazi, na geti lenye kamera au kengele. Hapa nina ushauri mmoja ambao siupunguzi: kati ya jengo na jengo usipitishe waya wa shaba. Pitisha fiba.

Radi ikipiga karibu, ardhi ya chini ya nyumba kuu na ya chini ya SQ hazibaki katika volti moja. Waya wa shaba unaounganisha majengo hayo huwa daraja la tofauti hiyo, na kinachoungua ni swichi, ruta, kamera na runinga kwa pamoja. Fiba ni kioo, haipitishi umeme. Vigeuzi viwili vidogo, kimoja kila upande, hubadilisha mwanga kuwa umeme wa kawaida wa mtandao, na kipande cha fiba cha mita 30 kilichofungwa vichwa tayari hakimfilisi mtu anayejenga. Geti likihitaji waya wa shaba kwa sababu ya umeme wa kamera, weka kizuizi cha radi kwenye ncha ya nyumbani, na ukiunganishe na waya wa ardhi wa nyumba.

Udongo wa Nakuru una majivu mengi ya volkeno, mwepesi kuchimba na mwepesi kusombwa. Mfereji wa sentimita 20 utafichuliwa na mvua au na jembe la anayepanda sukuma wiki. Chimba sentimita 60, laza paipu, rudisha udongo nusu, tandaza utepe wa rangi wa onyo, kisha funika. Anayechimba baadaye atakutana na utepe kabla ya paipu.

Kabla ya kulipa salio

Siku moja kabla ya plasta, pita na simu yako ukipiga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imening'inizwa kwenye fremu ili namba zake zionekane. Picha hizo zitakuonyesha, miaka mitano baadaye, mahali pa kutopiga msumari wa pazia. Zitume pia kwa mtu mwingine wa familia, kwani simu hupotea.

Plasta ikikauka na nyaya zikivutwa, kila waya uandikwe nambari pande zote mbili, kabatini na kwenye soketi. Kisha uje upimaji. Kipimo cha kawaida ni visanduku viwili: kimoja kinachomekwa kabatini, kingine kwenye soketi ya chumbani, na taa za 1 hadi 8 huwaka kwa zamu. Taa ya 3 ikirukwa, uzi huo haukushika. Ya 3 ikiwaka mahali pa 6, rangi zimebadilishana. Yote mawili hurekebishwa kwa dakika chache fundi akiwa bado yupo na vifaa vyake.

Mwenye nyumba atembee na fundi soketi kwa soketi, zote kumi na moja, akishika karatasi ya nambari. Salio la fundi lilipwe taa nane zikishawaka kwa mpangilio kwenye soketi ya mwisho.